Kumbukumbu ya mradi: usiku mkavu umeliponya pori langu

Jana usiku, saa tano kasoro, mchezaji anayecheza mganga wa kundi letu aliangalia karatasi yake, akahesabu uganga uliobaki, akasema: "Huyu tumwache apite." Sentensi hiyo nimeingoja miezi saba.

Kwa mnaofuata mradi, hakuna kilichobadilika: Dungeons & Dragons toleo la tano, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa hadithi na dadu, mimi nikiwa msimulizi, wachezaji wanne, nchi ya kubuni, ramani ya pembesita za kilomita 10, mwendo wa pembesita mbili kwa siku. Mjini na mapangoni mchezo ulikwenda vizuri. Ulikuwa unafia porini.

Ugonjwa ni ule ule niliolalamikia mara ya mwisho. Kila siku ya safari nilikuwa narusha dadu ya pande sita mara tatu, ikija 1 kuna kitu. Uwezekano wa siku moja kuwa na tukio angalau moja ni 91 katika 216, yaani asilimia 42. Safari ya siku tano inakupa matukio mawili matatu, na kwa kawaida kila moja lina siku yake. Sasa sheria za mwaka 2014 zimepimwa kwa siku yenye mapambano sita hadi nane. Mganga akiona fisi watatu anamwaga moto wote, kwani anajua hakuna kingine hadi kesho, na kesho ataamka mzima, uganga wote umerudi. Fisi wamekufa raundi ya pili. Tunalala, tunaamka, tunasonga. Binamu yangu, mpiga mishale wetu, alinivuta pembeni akaniambia, "Kaka, hizi siku za porini tuziruke tu, tufike." Iliniuma sana, maana pori ndilo lililonifanya nianze kuandika nchi hii.

Nikaongeza dadu hadi sita kwa siku. Saa nne za mchezo zikatufikisha pembesita tatu. Nikawapa wanyama nguvu zaidi, tukampoteza mhusika wa miezi mitatu kwa simba asiye na kisa wala sababu, na meza nzima ikanyamaza. Kwenye jedwali la kuchagua kinachotokea, nikaacha dadu ya pande 20 nikachukua mbili za pande sita: 7 inakuja mara 6 katika 36, kwa hiyo pale katikati nikaweka vya kila siku, swala na moshi wa wachoma mkaa, halafu 2 na 12, zenye nafasi moja moja tu, nikaziachia mazimwi. Hilo limebaki na ninalipenda. Pori likapata tabia yake. Ila mganga aliendelea kulala fofofo ndani yake na kuamka na moto mpya.

Hatua ya kwanza iliyosaidia ilikuwa kufuta neno moja. Juu ya jedwali nilikuwa nimeandika "Mapambano". Nikaandika "Dalili", na mistari yote ikabidi iandikwe upya. Palipokuwa na "Fisi 3" sasa pana: "Mavi meupe njiani, yamekauka, yana vipande vya mfupa. Punda wa mizigo amegoma." Mnyama mwenyewe yuko nyuma ya dalili, na wachezaji ndio wanaoamua kama wataendelea kumwelekea. Wakikutana naye ana kwa ana, dadu mbili tena kupima hali yake, kama sheria za zamani: ndogo ni ukali, kubwa ni wema, za katikati anasita.

Dawa yenyewe niliipata nikitafuta kitu kingine. Nilikuwa nasoma habari za misafara ya karne ya 19, Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, nikiokota majina ya ramani tu. Nikakutana na neno tirikeza. Mbele kukiwa hakuna maji, msafara haukuondoka alfajiri kama kawaida. Watu walipika na kunywa kwanza, wakaondoka mchana jua likiwa kali, wakatembea hadi giza, wakalala pakavu, na kabla hakujapambazuka wako njiani ili asubuhi wafike kisimani. Hivyo ndivyo walivyovuka nyika kama ile iliyoitwa Mgunda Mkali. Nililiweka daftari chini. Nilikuwa nimehangaika na fisi miezi yote hiyo, kumbe swali ni watu wanalala wapi.

Sheria mpya ni fupi. Ukilala penye maji, unapata pumziko refu kamili. Ukilala pakavu, unapata pumziko fupi tu, na uganga haurudi. Kundi likichagua tirikeza linapata pembesita moja ya ziada, lakini usiku huo narusha dadu mara moja zaidi. Nimepandisha pia nafasi ya tukio iwe 1 au 2. Kati ya maji na maji kuna kama siku tatu: dadu tisa, tatu kwa siku kama mwanzo, matukio matatu kwa wastani. Ukifika majini kuna mengine mawili ya lazima, jioni na alfajiri, kwa sababu kila chenye kiu kiko pale. Jumla matano kabla mganga hajalala usingizi wa maana. Ile siku ya sheria sasa ina urefu wa siku tatu za miguu.

Na maji yana wenyewe. Misafara ilipopita Ugogo ililipa hongo kabla ya kuteka, enzi neno hilo lilipokuwa ushuru wa wazi wa njia. Kwa hiyo kisima changu cha kwanza kina mzee mwenye kigoda na vijana kumi na wawili, na anataka nguo, si damu.

Kuna jambo limenifurahisha hapa. Sheria za kwanza kabisa za mchezo huu, za 1974, ziliwaambia wachezaji wanaosafiri porini watumie ubao wa Outdoor Survival, mchezo wa Avalon Hill wa 1972 uliohusu watu kuhangaika na kiu na njaa. Mabwawa ya maji ya ubao ule yakageuzwa kuwa ngome. Mimi nayarudisha kuwa maji.

Upande wa vifaa, nimeachana na programu ya ramani. Kila nikitaka kusogeza kitu kimoja inapanga upya vingine. Nimechora kwa penseli kwenye karatasi ya manila, na kila penye maji nimeweka komwe za bao. Mchezaji akiishika komwe anaikumbuka. Dadu za simu nazo hapana. Watu wanataka kusikia mlio.

Sasa jana. Usiku wa pili mkavu, mganga amebakiwa na uganga wa mara mbili tu, tena mdogo. Dalili: nyati dume mzee, peke yake, amesimama njiani, matope mgongoni. Zamani angekuwa nyama. Walikaa chini ya mti wakinong'ona dakika ishirini, nami sikusema kitu. Kisha binamu akasema, "Nyati hakai siku bila kunywa. Na yale matope bado yanang'aa." Wakamfuata kwa mbali, upepo usoni. Ikabidi niweke komwe ambayo haikuwepo kwenye ramani yangu.

Wiki hii nilikuwa nimepanga jedwali la mikoko. Limesubirishwa, kwa sababu yule nyati amenifanya nimfikirie ndege anayewaongoza watu kwenye asali. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mlio maalumu, na utafiti uliochapishwa 2016 ulikuta mlio huo unapandisha nafasi ya kupata mzinga kutoka asilimia 16 hadi 54. Hiyo ni dadu ya pande sita iliyo tayari: bila kuita, 1, ukiita, 1 hadi 3. Tayari nimeandika anachofanya ndege huyo ukila asali yote bila kumwachia nta. Jumamosi wataamka kwenye komwe mpya, uganga umejaa, na alfajiri ile bado nina dadu moja ya lazima ya kurusha.