Damu ya mtoto ikiwa chini: chuma hutolewa kwa hesabu

Hapa Tanga, mtoto akianza kupauka viganja, akachoka mapema mchezoni au akaonekana anakula udongo, nyumba nyingi hukimbilia juisi ya rozela. Wekundu wa juisi siyo madini chuma. Mpeleke akapimwe wingi wa damu (hemoglobini, kwa gramu katika desilita, g/dL).

Mtoto wa miaka 2 hadi 4 ana upungufu wa damu akiwa chini ya 11 g/dL. Wa miaka 5 hadi 11, chini ya 11.5, wa 12 hadi 14, chini ya 12. Aliye chini ya miaka 5 akisoma chini ya 7, au mkubwa zaidi chini ya 8, ni wa hospitali siku hiyohiyo.

Namba hiyo haisemi chanzo cha upungufu ni nini. Picha kamili ya damu ikionyesha chembe nyekundu ndogo zenye ukubwa usiolingana, chuma ndicho cha kushukiwa kwanza. Lakini mwambao wetu una selimundu na thalasemia pia, magonjwa ya damu ya kurithi, na thalasemia nayo hupunguza ukubwa wa chembe. Kipimo cha ferritini, yaani akiba ya chuma mwilini, husaidia: chuma kimepungua ikiwa chini ya mikrogramu 12 kwa lita kwa walio chini ya miaka 5, chini ya 15 kwa wakubwa. Mtoto mwenye maambukizi ferritini yake hupanda, hivyo mpaka husogezwa hadi 30 kwa walio chini ya miaka 5 na 70 kwa wakubwa.

Malaria ipimwe na itibiwe kabla ya chuma. Utafiti wa Pemba, ng'ambo tu ya bahari, uliochapishwa 2006, ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki kwa jumla walilazwa na kufariki zaidi. Waliokuwa kweli na upungufu wa chuma ndio walionufaika. Uliza pia minyoo, kichocho (mkojo wenye damu), na kwa binti, hedhi nzito.

Dozi ndipo wengi wanapokosea. Mtoto anahitaji miligramu 3 za chuma halisi kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Kidonge cha feras salfeti cha miligramu 200 kina chuma halisi takribani 60 tu. Mtoto wa kilo 10 anahitaji 30, yaani nusu kidonge. Ukihesabu ile 200 kama chuma, utampa chini ya theluthi ya dozi na kudhani dawa haifanyi kazi. Sharubati hutofautiana nguvu, kwa hiyo "kijiko kimoja" hakitoshi kama maelekezo. Mwombe mfamasia akuonyeshe miligramu za chuma halisi katika mililita 5.

Mpe tumbo likiwa tupu, pamoja na maji ya machungwa ya Muheza au ndimu. Chai na maziwa visubiri angalau saa moja. Choo kitakuwa cheusi, usiogope.

Rudi baada ya wiki 4: damu iwe imepanda angalau 1 g/dL. Isipopanda, angalia kama dawa inamezwa kweli, kisha rudini kwenye chanzo. Ikifika kawaida, endelea miezi 2 hadi 3 mingine kujaza akiba. Kuacha mtoto akichangamka tu ndiko kunakomrudisha kliniki.

Vidonge vikae juu, vimefungwa. Mtoto mdogo akimeza vingi, mkimbize hospitali hata kama ameacha kutapika: sumu ya chuma hutulia kwa saa kadhaa, kisha hurudi kuharibu ini na moyo.