Kamba Ilipokuwa Nyepesi

Asubuhi ya leo mwanangu alivuta kamba ya mashine ya kufyekea majani, akaniuliza, "Baba, mbona leo ni nyepesi?" Nilitoa plagi, nikafunga geji ya kupima mgandamizo wa injini, nikaachia kabureta wazi na kuvuta mpaka mshale ukakataa kupanda. Ulisimama kwenye PSI 75, na injini ndogo za namna hii zikishuka chini ya 90 huwa taabu kuwaka. Lakini jibu nilikuwa nalo kabla ya geji, kwa kuwa wepesi ule niliujua tangu Newala, mwaka 1997.

Ulikuwa msimu wa kupuliza mikorosho unga wa salfa, na ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, haumsubiri mtu. Tulipuliza alfajiri, umande ukiwa bado majanini na upepo haujaanza. Siku ile bomba la injini likagoma kuwaka. Tukabadilisha plagi, tukamwaga petroli na kuchanganya upya. Jua likatoka, tukalipeleka kwa fundi mmoja mzee karibu na soko.

Fundi hakuwa na geji. Alitoa plagi, akaushika mkono wangu, akakiweka kidole gumba changu juu ya tundu, kisha akavuta kamba. Hewa iliyotoka ilikuwa dhaifu kama pumzi ya mtu aliyelala. Akadondoshea oili matone matatu, si zaidi, kwa maana yakizidi hujaza nafasi na kukudanganya, akavuta tena, na safari hii kidole kilisukumwa mpaka kikabanduka kwa mlio.

"Ringi za pistoni zimelika," akasema. "Oili imeziba mwanya wake kwa muda. Kidole kingesukumwa hivi tangu mwanzo, ningetafuta sili za krenki, zinazozuia hewa kuvuja chini ya pistoni, maana injini hii pistoni yake ina kazi mbili: juu inagandamiza, chini inavuta mchanganyiko."

Alifungua ekzosi na kumulika tochi tunduni. Ubavu wa pistoni ulikuwa na michirizi ya wima, mingi, kama ukucha uliopita juu ya sabuni. Halafu akaingiza kidole kwenye koo la kabureta, nyuma ya filta ya hewa, kikatoka na unga wa njano uliochanganyika na udongo.

"Vumbi limepita hapa. Nani anasafisha filta, mzee mwenzangu?"

"Tunasafisha kila Jumapili," Baba akajibu.

Aliyesafisha nilikuwa mimi. Wiki kadhaa kabla ya hapo sponji ilinichanikia mkononi nikiifua, nikairudisha hivyo hivyo, upande uliochanika ukitazama ndani, bila kumwambia mtu. Pale kwa fundi pia sikusema.

Pistoni na ringi ziliagizwa Mtwara, na zilipofika awamu moja ya kupuliza ilikuwa imetupita. Baba alinunua na sponji mpya. Akaifunga mwenyewe, na msimu ule hakunipa tena niifue. Kama aliuona ule mchaniko, hakunitajia mpaka anafariki.

Leo nimemwita mwanangu, nikakiweka kidole gumba chake juu ya tundu la plagi, nikavuta kamba. Kifuniko cha filta bado hatujakifungua.