Nilivyofanikiwa kuona kina kwenye picha pacha za kijiji cha kale

Jioni nne mfululizo niliambulia kichwa kuuma. Nilikuwa nimezipata mtandaoni kadi za Thomas Richard Williams, mpiga picha wa London ambaye miaka ya 1850 alipiga picha za maisha ya kijiji kimoja cha Uingereza: kanisa, nyumba za nyasi, watu na kazi zao. Ziko kadi 59. Kila moja ina picha mbili zinazokaribia kufanana, moja ya jicho la kushoto, nyingine ya kulia. Zikiungana, unaona kina kana kwamba unachungulia dirishani. Watu wa enzi ya Malkia Victoria walizitazama kwa stereoskopu, kisanduku chenye lenzi mbili. Mimi sina, na nilikoulizia sikupata.

Nikaamua kutumia macho tu. Unaishika kadi mbele yako lakini macho unayapeleka mbali, kama unatazama ukuta ulio nyuma yake. Picha mbili zinakuwa tatu, na ya katikati ndiyo yenye kina. Kwangu hazikuungana kabisa.

Kumbe tatizo lilikuwa karatasi. Stesheneri walinitolea picha iliyojaa A4 nzima. Nilipopima kwa rula, kutoka mlango wa nyumba kwenye picha ya kushoto hadi mlango uleule kwenye ya kulia ni sentimita 14! Macho ya mtu mzima yameachana sentimita 6 na kidogo, na hayapanuki kwa nje kuzidi hapo. Nikaomba ipunguzwe ifike 6. Nikasimamisha kipande cha boksi kutoka puani hadi kwenye karatasi, kila jicho lione picha yake, na kwa vile kulikuwa na ukungu nikaazima miwani ya mama ya kusomea.

Ikaja taratibu. Uzio ukasogea mbele, nyumba ikarudi nyuma, na kile nilichodhani ni kivuli cha mlango kikawa mzee amesimama, hewa imemtenga na ukuta. Majani juu yake yamevurugika, maana zama zile picha ilinaswa kwenye kioo, nacho kilihitaji sekunde kadhaa kushika mwanga na upepo haukungoja. Yeye alitulia. Nilimtazama hadi macho yakalowa.

Williams hakukitaja kijiji. Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen aliyezikusanya kadi hizi kwa miaka mingi, aliiweka picha ya kanisa mtandaoni mwaka 2003, watu wakalitambua: ni Hinton Waldrist, Oxfordshire. Kanisa lipo mpaka leo.

Nilimpisha mama. Yeye amekulia nyumba ya nyasi, na alitazama muda mrefu kuliko mimi.

"Mwanangu, umeuona huo upenu ulivyo mnene?" akasema. "Hiyo haivuji."