Jinsi nilivyotatua utata wa asili ya Renaud de Châtillon

Tatizo lilianzia kwenye jina. Ufaransa ina Châtillon nyingi, na anayetafuta haraka huangukia ukoo mashuhuri wa Châtillon-sur-Marne. Renaud, mpiganaji wa Vita vya Msalaba aliyekuwa mtawala wa Antiokia kuanzia 1153 na kuuawa 1187, hakuwa wa huko. Mwaka 1989 mwanahistoria Jean Richard alionyesha kuwa alitoka kwa mabwana wa Donzy, mji wa Ufaransa ya kati; Châtillon yake ni ile iliyo kando ya mto Loire.

Kwa hiyo ukitafuta asili ya mtu wa enzi hizo, liache jina, ufuate ardhi. Fungua mikusanyo ya hati za monasteri iliyochapishwa (Gallica, maktaba ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, inayo mingi, bure) na usikimbilie mwanzo wa hati, ambao aghalabu ni dua na maneno ya heshima. Nenda mwishoni: aliyeipa monasteri shamba aliwataja mke, wana na ndugu walioridhia, warithi wasije wakalidai. Udugu umejificha hapo.

Angalia na tarehe. Sehemu nyingi za Ufaransa wakati huo mwaka ulianza Pasaka, hivyo Februari 1225 ya hati ni Februari 1226 yetu. Usipoirekebisha, utamkuta mjane akitoa hati na mumewe yu hai.