Deki ilikuwa nzima, ukuta ndio uliooza

Ukinunua nyumba ya miaka ya tisini huku Georgia, kwenye vitongoji vya kaskazini mwa Atlanta, jiandae kurithi mambo mawili: mkataba wa kukinga mchwa unaolipiwa kila mwaka, na deki ya mbao inayokaribia kustaafu. Ardhi ya huku ni vilima vitupu. Mbele nyumba imekaa sawa na barabara, nyuma imening'inia juu ya bonde, kwa hiyo ukifungua mlango wa jikoni unatokea futi nane au kumi juu ya majani. Hapo ndipo wanapoweka deki, yaani baraza ya mbao iliyosimama juu ya nguzo. Kwetu sisi watu wa Afrika Mashariki, hapo ndipo maisha yote ya kiangazi yanapofanyika: nyama choma, kipaimara, kikao cha harusi ya mtu aliyeko Dar, wazee waliokuja kusalimia wajukuu na hawataki kukaa ndani kwenye kiyoyozi.

Nyumbani ukitaja Marekani watu wanawaza theluji. Atlanta inapata mvua ya zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, inaipita Dar es Salaam, na hakuna miezi ya ukavu wa kweli ya kukausha kilicholowa. Julai ukianika taulo jioni, asubuhi unalikuta bichi vilevile. Machi na Aprili chavua ya misonobari inamwagika, unga wa njano unaofunika magari, viti na kila ufa wa mbao. Ikinyesha, unga ule unageuka tope. Novemba yanakuja majani ya mialoni, yanajibana kati ya ubao na ubao na kushika maji mpaka masika mengine. Mimi ni mtoto wa Tanga, joto la unyevu silishangai. Ila Tanga nyumba yetu ilikuwa ya matofali.

Kuvu inayoozesha mbao inahitaji ubao uwe na maji ya zaidi ya asilimia 20 au hivi ya uzito wake mkavu, na ikae katika hali hiyo kwa muda. Ubao uliolala wazi unalowa leo, kesho jua likipiga unashuka chini ya hapo na kuvu inalala. Kwa hiyo ukitaka kujua hali ya deki, usitazame pale mvua inapopiga. Tazama pale vipande viwili vinapogusana: chini ya ubao wa juu unapokalia boriti, kitako cha nguzo, ndani ya tundu la skrubu, na zaidi ya yote, pale deki inaposhikana na nyumba.

Mafundi wengi hawaangalii hivyo. Wa kwanza niliyemwita alisimama juu, akatazama mbao zilizopasuka na kufanya ukoko wa kijani, akapiga hesabu ya kung'oa zote za juu na kuweka mpya juu ya fremu ileile, halafu rangi. Bei yake ilikuwa nzuri. Kibali cha kaunti, alisema, hakina haja. Mtu akikuambia hivyo kuhusu kitu kitakachobeba mama yako mzazi futi kumi kutoka ardhini, mpe maji ya kunywa na umsindikize.

Wa pili, Mhondurasi mmoja mzee aliyepatikana kupitia jirani yetu Mkenya, hakupanda kabisa. Aliingia chini na tochi na bisibisi. Alichoma nguzo moja moja kwa ncha ya bisibisi: ngumu. Mhimili unaolalia nguzo: mgumu. Boriti zilikuwa nzima isipokuwa ncha chache zilizokatwa na fundi wa zamani bila kupakwa dawa. Ndipo akaenda ukutani, pale ubao mrefu uliopigiliwa kwenye nyumba unapobeba ncha za boriti zote. Akabandua kipande cha ubao wa kufunika ukuta, akachoma nyuma yake. Bisibisi ilizama mpaka mpini.

"Bosi, deki yako haina neno," aliniambia. "Nyumba yako ndiyo imeoza."

Hili ndilo ninalotaka mwenye deki aliye huku alisikie. Mbao za deki ni za dawa, zimeshindiliwa dawa kwenye tangi la shinikizo kiwandani. Fremu ya nyumba si ya dawa, kwa sababu waliojenga walitegemea kwamba itabaki kavu ndani ya ukuta. Anayekuja kupigilia ubao wa deki juu yake anatakiwa aweke bati lililokunjwa, linaloingia chini ya vazi la ukuta na kutokea mbele ya ule ubao, ili maji yateleze nje. Bati hilo lisipokuwepo, kila mvua inashuka ukutani na kujificha kati ya mbao mbili zilizobanana, mahali ambapo upepo haufiki. Ubao wa dawa unavumilia. Wa nyumba unakuwa kama keki iliyolowekwa chai. Na bolti inayobeba deki nzima imeshika hapohapo.

Mambo haya yamekwisha kuua watu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2015, huko Berkeley, California, wanafunzi waliotoka Ireland kwa kazi za likizo ya kiangazi walikuwa kwenye sherehe ya kutimiza miaka 21 ya mwenzao. Kibaraza cha ghorofani kilikatika. Sita walikufa na saba wakaumia. Boriti zilikuwa zimeoza ndani kwa maji yaliyonaswa, na jengo lilikuwa halijafikisha hata miaka kumi. Kwa juu hapakuonekana kitu. California ikapitisha sheria mwaka 2018 ya kukagua vibaraza vya majengo ya wapangaji wengi. Nyumba ya mtu binafsi kama yangu, ikishajengwa, hakuna anayekuja kuikagua. Ni wewe na bisibisi yako.

Kuhusu mzigo: kanuni za ujenzi wa nyumba huku zinataka deki ibebe ratili 40 kwa kila futi ya mraba. Deki ya futi 12 kwa 16 ni karibu tani tatu na nusu, yaani watu 43 wa kilo 80 kila mmoja. Ikiwa nzima, mwaliko wa kiswahili unaingia, hata wale waliosema wanakuja wawili wakaja sita. Ikiwa imeoza ukutani, hesabu hiyo haina maana, na wageni wetu wana tabia ya kusimama wote upande mmoja, kwenye mlango wa jikoni, karibu na chakula. Upande wa ukutani.

Shemeji yangu yuko Mafinga, Tanzania, anafanya kazi ya nguzo za umeme, zile za miti zinazotiwa dawa. Nilimtumia picha, akapiga simu hapohapo.

"Shemeji, hizo mbao zilikuwa na ukijani zamani?"

"Zilikuwa nao. Sasa ni kijivu."

"Basi ni dawa yetu hii hii ya nguzo. Usije ukazichoma, shemeji. Hata kuni za nyama usithubutu."

Alikuwa sahihi. Dawa hiyo ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Marekani iliacha kuitumia kwa mbao za makazi mwishoni mwa 2003, kwa hiyo deki yoyote ya kabla ya hapo uichukulie kuwa na aseniki. Moshi wake ni sumu na majivu yake ni sumu zaidi. Usiipige msasa bila barakoa, na ukibomoa, uliza dampo la kaunti wanapokea wapi mbao za dawa. Nimeona watu wakizikata na kutengenezea matuta ya mchicha na sukuma wiki. Jamani, hapana.

Dawa mpya haina aseniki, lakini ina shaba nyingi zaidi, na shaba ikikutana na unyevu inakula chuma. Hapa ndipo kiraka kinapomgeukia mwenye kiraka. Ukiweka mbao mpya juu ya misumari ya zamani na mabano ya zamani yanayoshika boriti, shaba inaanza kula zinki yao, na baada ya zinki, chuma chenyewe. Misumari inayong'aa ya bei poa, iliyopakwa zinki nyembamba, haidumu. Inatakiwa ile iliyochovywa kwenye zinki ya moto, ambayo sura yake ni butu na ya kukwaruza, au ya stenlesi ukiwa nazo. Bati la ukutani nalo lisiwe aluminiamu tupu, maana shaba inalitoboa.

Tulikaa na mke wangu, tukapiga hesabu ya kukarabati na ya kujenga upya. Mimi nilikuwa upande wa kukarabati, kwa sababu nguzo na mhimili vilikuwa vizima na mbao za juu kubadilisha si kazi kubwa. Lakini ili kuutengeneza ukuta ilibidi deki itolewe hata hivyo, boriti zishushwe, ubao wa nyumba uliooza ukatwe na kurudishwa mpya. Ukishafika hapo, umebakiza mti wa zamani wenye aseniki na mabano yenye kutu, ili uokoe nini? Tukajenga upya. Kama ukuta ungekuwa mzima, ningebadilisha mbao za juu, ningeweka bati, na deki ile ingeendelea.

Mhondurasi akashauri jambo ambalo nimelipenda kuliko yote: deki isining'inie kwenye nyumba tena. Akaweka mhimili wa pili karibu na ukuta, wenye nguzo zake na zege lake, deki ikawa inasimama yenyewe kama meza. Kati yake na ukuta kuna nafasi ndogo ambapo maji yanadondoka chini na hewa inapita. Gharama iliongezeka kwa nguzo na mashimo. Mkaguzi wa kaunti alikuja kutazama mashimo kabla ya zege kumwagwa, akarudi kutazama fremu, na mara zote mbili alikwenda moja kwa moja ukutani.

Juu tulibishana kati ya msonobari wa dawa na zile mbao za plastiki iliyochanganywa na vumbi la mbao. Plastiki haiozi kirahisi na haitaki mafuta, na wanaouza watakuambia hivyo mara nyingi. Hawakuambii kwamba saa tisa alasiri ya Agosti mtoto hawezi kuikanyaga bila viatu, wala kwamba kivulini inafanya ukoko kama ubao mwingine wowote, na bei inazidi ya msonobari mara mbili na zaidi. Fremu ya chini ni msonobari uleule kwa vyovyote. Tukachukua msonobari, na pesa iliyobaki ikaenda kwenye skrubu za stenlesi na utepe wa mpira wa lami unaobandikwa mgongoni mwa kila boriti, ili maji yasiingie kwenye matundu ya skrubu. Kila ncha iliyokatwa ilipakwa dawa ya shaba kwa brashi. Mbao zilifika zimelowa dawa bado, kwa hiyo zilipangwa zikigusana. Zikikauka zinasinyaa na nafasi inajitokeza yenyewe. Zingekuwa zimekaushwa kiwandani, ingebidi kuacha mwanya kidogo tangu mwanzo.

Rangi ya kufunika sikuitaka. Inafanya ngozi, ngozi inapasuka, maji yanaingia na hayatoki. Ni mafuta ya kupenya tu, na hayo nayo yanasubiri: unadondosha tone la maji juu ya ubao, likibaki limesimama, bado, likinywewa, paka. Zetu zinanywa upande wa jua, upande wa mwaloni bado.

Kilichobaki ni ukingo. Una inchi 36 kwenda juu na fito zake zimekaribiana kiasi kwamba mpira wa inchi nne haupiti, kama kanuni inavyotaka. Lakini wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao wamekwisha uona, na dawa ya kiwandani haiwatishi sana. Wanapenda ubao mtupu. Uliopakwa rangi wanaupita. Kwa hiyo ukingo peke yake utapakwa rangi, nyeupe, mke wangu amekwisha chagua.