Buluu Katika Duara

Jana baada ya Magharibi binti yangu alikuja na flashi aliyoazimwa na mwenzake wa darasani, akataka kuichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta ya nyumbani ili achapishe kazi yake ya shule. Niliushika mkono wake kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

"Mama, mbona? Mwenzangu amesema haina kitu."

"Hata yangu sikujua kama ina kitu," nilimjibu, kisha nikashindwa kuendelea.

Mwaka 2012 kompyuta yetu ilikaa chini ya zidaka katika chumba cha ndani, mbali na upepo wa bahari ambao hula kila chuma hapa Lamu. Ilikuwa ya Windows XP, na intaneti tuliipata kwa modemu, kwa bando lililonunuliwa kidogo kidogo. Ili kuliokoa bando hilo tulikuwa tumezima masasisho ya Windows, na antivirasi nayo ilikuwa haijapata taarifa mpya kwa muda ambao hakuna aliyeukumbuka. Antivirasi ya namna hiyo ni sawa na bawabu aliyeonyeshwa sura za wezi wa mwaka juzi. Wa mwaka huu humpita akamwamkia.

Bibi alikuwa amefariki miezi minne kabla. Nilikuwa nimemrekodi kwa simu, ameketi dakani akisuka ukili na kuimba nyimbo za vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, alizozijua tangu usichana wake, huku akinieleza nani huanza na nani huitikia. Simu ilipojaa nilizihamishia rekodi hizo kwenye flashi ya GB 2, pamoja na picha za harusi za jamaa. Nasema nilizihamishia, sikuzinakili. Hapakubaki nakala nyingine popote. Kisha siku moja niliichukua flashi hiyo hiyo hadi kwenye saiba moja ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, nikachapisha barua ya kuomba kazi, nikarudi nyumbani.

Nilipoifungua, kila folda ilikuwapo kwa jina lake, lakini kwenye pembe ya kila moja palikuwa na kishale kidogo kilichopinda, na kila moja ilikuwa na ukubwa wa KB 2 tu. Nikabofya ile iliyoandikwa "Bibi". Dirisha jeusi lilimulika, likatoweka. Sasa ninaelewa kwamba hapo ndipo virusi vilipoingia katika kompyuta yetu: vilikuwa vimezificha folda za kweli na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale, kila moja ikibeba amri ya kuviwasha. Wakati ule wengi wetu tuliamini kwamba hatari ya flashi ni ule mtindo wa Windows wa kuendesha programu yenyewe mara flashi inapochomekwa, mtindo ambao Microsoft iliuzuia kwa masasisho ya Februari 2011. Hata kama tungekuwa nayo masasisho hayo, yasingetusaidia, kwa kuwa virusi vya aina hii havikuhitaji kujiendesha. Vilingoja mtu abofye jina analolipenda.

Nikafungua ukurasa wa sifa za flashi. Likatokea lile duara la Windows XP, buluu kwa nafasi iliyotumika na waridi kwa nafasi iliyo wazi, na buluu ilikuwa imepita nusu. Niliitazama buluu hiyo kwa muda mrefu, hata feni ya kompyuta ikawa ndiyo sauti pekee chumbani. Folda zote kwa jumla hazikufika KB 20, na flashi ilikuwa imejaa zaidi ya nusu. Hesabu haikulingana, na kule kutolingana kulikuwa kunaniambia waziwazi kwamba sauti ya Bibi bado imo. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu na sikuweza kulisoma.

Nilimpigia simu fundi mmoja. "Fomati tu, dada," akasema, "usijisumbue." Nilifomati, yaani niliiamuru kompyuta iifute flashi yote. Haikuchukua hata dakika moja, na kwa wiki kadhaa zilizofuata niliendelea kuijaza flashi ile video na makaratasi ya kazi.

Ni kijana mmoja aliyekuja kutoka Mombasa wakati wa Maulidi aliyenieleza kwamba amri ya mstari mmoja, inayoitwa attrib, ingeziondolea zile folda alama ya kufichwa, na zote zingerudi. Hata baada ya kufomati, alisema, mafaili yenyewe hayakuwa yamefutika, kwa kuwa kilichofutwa ni orodha yake tu. Yaliyoyaua ni yale niliyoyaandika juu yake. Aliacha programu ya kurejesha mafaili ikifanya kazi usiku kucha, na asubuhi tukapata kipande kimoja cha sekunde 11.

Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilipozuka duniani ikifunga mafaili ya watu na kudai dola 300 kwa bitcoin, ingawa kinga yake ilikuwa imetolewa tangu Machi, nilinunua diski ya nje. Kila Ijumaa ninanakili, kisha ninaichomoa, kwa sababu diski inayobaki imechomekwa hufungwa pamoja na kompyuta. Nakala nyingine iko kwa dada yangu, Malindi. Masasisho sijayazima tena, hata bando likiwa la mwisho.

Hayo yote nilimweleza binti yangu jana huku antivirasi ikiikagua flashi ya mwenzake. Haikuwa na kitu. Kisha akaomba kusikiliza zile sekunde 11. Punda analia kwa mbali, ukili unakwaruza, Bibi anakohoa kidogo na kusema, "Haya, iwashe," ilhali simu ilikuwa imeshawashwa, kisha inakatika.

"Halafu akaimba upi?" akauliza.

Nilimwimbia ubeti mmoja. Katikati nilisimama, nikaanza upya, nikautanguliza mstari wa tatu kabla ya wa pili, kwa kuwa sina hakika upi Bibi alikuwa akianza nao.