Kunywa Bila Kuyavuruga

Somo la juma: Ezekieli 34:17–22

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Sura ya 34 ya Ezekieli wengi tunaifahamu kwa ajili ya wachungaji wabaya, wale wanaokula walionona na kuvaa manyoya huku kondoo wametawanyika milimani bila wa kuwatafuta. Sisi vijana tunaipenda sehemu hiyo. Inawasema wakubwa, nasi tuna mengi ya kuwasema wakubwa. Ila ukifika mstari wa 17, Bwana anawaacha wachungaji na kuligeukia kundi lenyewe. Anawauliza kondoo wenye afya, wale walioshiba: kwani haikuwatosha kula malisho mema, mpaka mkanyage kwa miguu yaliyosalia? Haikuwatosha kunywa maji safi, mpaka myavuruge yaliyobaki? Kisha anawataja wanaokuja nyuma, kondoo dhaifu, wanaolazimika kula kilichokanyagwa na kunywa kilichochafuliwa.

Tuliangalie vizuri kosa lenyewe. Kula hakukukatazwa. Malisho ni ya Bwana na aliyaotesha yaliwe. Maji vilevile. Kondoo hawa hawakuiba wala hawakuvunja zizi la mtu. Walifika mapema, wakashiba, na walipokuwa wakiondoka hawakutazama miguu yao inakanyaga wapi. Ezekieli aliyanena haya kati ya watu waliohamishwa Babeli, watu waliokwisha kupoteza nchi na hekalu. Hata kati ya waliopoteza kiasi hicho, bado walikuwapo wenye ubavu na bega la kuwasukuma wanyonge, kama mstari wa 21 unavyosema.

Nimelileta somo hili kwa sababu ya mazungumzo yetu ya karibuni. Kila tukikaa baada ya maombi, habari ni zile zile: kujiendeleza, kujiajiri, kutoboa. Na ni haki yetu kuzizungumza. Tunajua kaka na dada zetu waliomaliza chuo wakarudi nyumbani na vyeti vyao, wakakaa. Kwa hiyo bumu, ile fedha ya mkopo wa chuo, likiingia, kuna anayelila lote na kuna anayetenga kidogo kiwe mtaji. Huyu anauza juisi hosteli, yule viatu kwa njia ya status, mwingine anapokea oda za keki na kuzituma kwa bodaboda. Mimi nawaheshimu sana ndugu hawa. Paulo alishona mahema kule Korintho ili asimlemee mtu, na mwanafunzi anayejilipia chakula cha jioni kwa jasho lake anafuata njia hiyo hiyo.

Kinachonisumbua ni mafundisho tunayoyapokea kuhusu kukua. Mengi tunayapata kwenye simu, na karibu yote yanampima mtu peke yake: unaamka saa ngapi, umeweka akiba kiasi gani, umesoma vitabu vingapi, mwaka jana ulikuwa wapi na mwaka huu uko wapi. Luka anapoeleza ujana wa Bwana wetu anasema alizidi kuendelea katika hekima na kimo, “akimpendeza Mungu na wanadamu” (Luka 2:52). Waliokuwa karibu naye walinufaika na kukua kwake. Hatuulizani juu ya jambo hilo. Tunamuuliza mwenzetu faida imefika ngapi, na tukishangilia tunafunga mjadala.

Juma lililopita dada yetu mmoja anayeuza mitumba alituambia jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Akifungua belo, lile furushi la mitumba, zipo nguo ambazo hata kwa bei ya kutupa haziuziki: zimechanika, zimechakaa, zina madoa yasiyotoka. Nyingi ni za nyuzi za plastiki, haziozi. Anayemuuzia belo hazirudishi, aliyezitoa Ulaya hazijui tena, na yeye chumba chake ni kidogo. Zinaishia jalalani, na mvua ikinyesha zinaishia mtaroni. Alisema kwa unyonge, kama anayeungama, na sisi tukapita haraka kwenye ombi lililofuata. Naomba tusipite haraka tena. Alikuwa anasoma Ezekieli 34 kwa maneno yake mwenyewe.

Halafu akazungumza ndugu yetu wa mwaka wa pili anayesomea uhasibu. Mama yake anachoma mkaa upande wa Kisarawe, jirani na Dar es Salaam. Sare zake, michango ya shule, godoro alilokwenda nalo kidato cha tano, vyote vimetoka kwenye tanuri. Darasani anafundishwa kupanga gharama, basi siku moja akajaribu kuandika hesabu za mama yake jinsi mwalimu anavyotaka. Akaandika magunia, kamba, nguvu ya kukata na kupanga magogo, usafiri, ushuru. Alipofika kwenye mti wenyewe akaweka sifuri. Mti ni bure. “Lakini hakuna kitu cha bure kwenye hesabu,” alisema. “Kama mama halipi, kuna mtu analipa na hayumo kwenye daftari.”

Nimelibeba neno hilo juma zima. Nadhani hakuna mahubiri niliyosikia mwaka huu yaliyoufafanua mstari wa 18, ule wa malisho na maji, vizuri kuliko hesabu ile.

Nani analipa? Tufuate maji. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, huko huko Kisarawe, unashuka kupitia Vingunguti na Kigogo hadi Jangwani, kisha unaingia baharini penye daraja la Salenda. Vilima vikibaki vitupu, mvua haipati mizizi ya kuishika. Inashuka na udongo, udongo unajaza mto, na mto uliojaa mchanga hauna pa kuweka maji isipokuwa kwenye nyumba za watu. Njiani unapokea maji machafu ya viwanda, taka za masoko na chupa tulizokunywea sisi. Chini kabisa kuna mama mwingine anayemwagilia mchicha kwa maji hayo hayo, na mchicha huo tunaununua kwa mafungu. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi. Sehemu ya ile sifuri ya daftarini imeandikwa hapo, ikalipwa na watu ambao hawakuonja faida yoyote ya gunia la mkaa.

Sisemi mama mmoja wa Kisarawe ndiye aliyeifurisha Jangwani. Ningekuwa nimemsingizia. Msimbazi una wachafuzi wakubwa wenye mageti na walinzi, na jiji lenyewe lilijengwa bila kuuliza maji yatapita wapi. Zaidi ya hayo, mkaa wake unapikiwa wapi? Dar es Salaam, kwenye mabanda ya mama lishe ambako sisi tunakula wali maharage. Tumeula msitu wa Pugu kwa vijiko. Ndiyo maana huwa nachoka nikisikia muumini mwenye mtungi wa gesi jikoni akimsema mchoma mkaa kama mtu asiye na hofu ya Mungu. Mwaka 2024 nchi yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania waifikie ifikapo 2034. Ni lengo jema na nalipenda kwa moyo wote. Ila mtungi ukiisha gesi siku ambayo mfukoni kuna hela ya kopo moja la mkaa, mtu atanunua kopo. Na siku mkaa utakapokosa soko, mama wa ndugu yetu atahitaji kitu kingine cha kuuza. Kanisa linalomwombea aache mkaa limwombee na hicho kitu kingine, tena limtafutie.

Wakati huohuo lipo jambo lililokwisha kufanyika hapa nchini, nami nataka tulijue kwa sababu linatuonyesha kwamba kunywa bila kuvuruga kunawezekana hata kwenye biashara inayolaumiwa kama hii. Kuanzia 2012, wilayani Kilosa, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, walikaa na vijiji kupanga uchomaji mkaa. Kijiji kinatenga sehemu ya msitu wake kwa kazi hiyo, na sehemu nyingine inabaki ya hifadhi. Ile ya mkaa inagawanywa viwanja vya mita 50 kwa 50 kama bao la drafti: kiwanja hiki kinavunwa, cha jirani yake kinaachwa. Visiki having'olewi, kwa maana miti ya miombo ina tabia nzuri ya kuchipua tena kisikini. Mpango ukasema kiwanja kilichovunwa kipumzike miaka 24 kabla ya shoka kurudi. Na mchomaji anakilipa kijiji kwa anachovuna, fedha ambazo vijiji vimezitumia kwa mambo kama madarasa na huduma za afya.

Hapo mti haupo tena kwenye daftari kwa sifuri. Una bei, na bei hiyo inamrudia mtoto anayekaa darasani. Mtu anachoma mkaa, anauza, anasomesha, na kijana atakayezaliwa mwaka huu atayakuta malisho.

Nikiisoma habari ya Kilosa namkumbuka Musa. Katika Walawi 25 Bwana anaamuru nchi ipewe mwaka wa saba wa kupumzika, shamba lisipandwe na mzabibu usipogolewe, na kile kitakachoota chenyewe kiwe chakula cha mwenye shamba, mtumwa, mgeni na hata mnyama wa porini. Katika Kumbukumbu la Torati 20 jeshi lililouzingira mji linakatazwa kuikata miti ya matunda, hata vita ikichukua siku nyingi. Fikirini hilo, askari aliye vitani anaambiwa aangalie shoka lake. Mungu wetu hajawahi kuitenga ibada na udongo. Sisi ndio tuliozitenga, tukaiweka ardhi mikononi mwa wanaosomea mazingira na fedha mikononi mwa wanaosomea biashara, na Jumapili tukaimba kwamba nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana.

Kuna anayesema, na nimemsikia: mtaji wangu ni wa laki moja, nitaharibu nini? Wenye viwanda waanze. Ndugu yangu, wenye viwanda wana mistari yao. Mistari kumi ya mwanzo ya sura hii ni yao na ya wanaowasimamia, na Bwana anasema wazi kwamba atawataka kondoo wake mikononi mwao. Hatafuti kisingizio cha kuwaacha. Lakini sisi tunaosoma chuo, tunaojua kutafuta oda kwenye simu, tunaopata mkopo wa serikali kujisomea, mbele ya mama wa mchicha pale bondeni tumo kati ya wanono au wakondefu? Mimi nimejiuliza na jibu langu siliwezi kulikwepa. Miaka michache ijayo wengine wetu ndio tutakaokuwa ndani ya yale mageti, tukitia sahihi mahali bomba la maji machafu litakapoelekea. Tabia ya kutazama miguu haiji yenyewe siku mtu anapokabidhiwa ofisi. Anayeizoea akiwa na ndoo ya juisi na vikombe vya plastiki atakuwa nayo akiwa na kiwanda.

Na tusidhani mazingira ni miti na mito tu. Wapo wenzetu wanaovutwa kuwa mawakala wa programu za mikopo ya simu, zile ambazo mtu akichelewa kulipa, ujumbe wa kumwaibisha unatumwa kwa kila aliyemo kwenye simu yake. Kamisheni inaingia, ada inalipwa, na nyumba ya mtu imevurugika. Huko nako kuna maji, na kuna aliyekuwa akiyategemea.

Sasa tufanye hivi. Jumatano tutasoma Ezekieli 34 yote, si mistari michache. Kila mwenye biashara, hata ya pipi, aje na karatasi aliyoandika mambo matatu: nachukua nini na kinatoka wapi, nauza nini, na kinachobaki baada ya mimi kufunga kazi kinakwenda kwa nani. Asiye na biashara aandike matumizi yake, kwa kuwa mnunuzi naye ana miguu. Yule dada wa mitumba tumpe nafasi ya kwanza, na safari hii tumsikilize mpaka amalize. Wapo kati yetu wanaojua kushona. Nguo zisizouzika zinaweza kuwa vitambaa vya kufutia gereji, mijazo ya mito, mazulia ya vipande. Huenda yasiwe majibu ya belo zima, lakini tuanze kuyapima pamoja naye, na gharama ya cherehani tuichangie kwenye mfuko wa ushirika.

Kwa ndugu wa uhasibu naomba tumwombee mama yake kwa jina lake, kila siku, asubuhi. Tumwombee afya, maana moshi wa tanuri si rafiki wa kifua. Pia nimemwomba ndugu yetu atusaidie kujua kama kijiji chao kina msitu wake na kama wazee wake wamewahi kusikia habari za Kilosa. Akipata jibu kabla ya Jumatano atalileta, na kama nauli ya kwenda kukaa na wazee hao itahitajika, hilo nalo ni la kupanga siku hiyo hiyo.